Kidonda cha mdomo kinachorudi rudi: kiwahi siku ya muwasho, usisubiri malengelenge

Jamani msimu umefika. Upepo wa Dodoma umeshaanza kazi yake, asubuhi baridi inakaza midomo, saa sita jua linachoma, vumbi ndo usiseme, na sa hivi ukipita sokoni unakuta watu wanaongea huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Meseji nazo zimeanza, dada wewe unapakaga nini, dada mbona chako kinawahi kukauka. Nimeona niandike mara moja hapa kila anayeuliza nimtumie asome mwenyewe, maana kuandika kitu kilekile kwa kila mtu kumenichosha.

Mimi nauza mitumba pale Sabasaba, nashinda juani, na hiki kidonda ninacho tangu niko sekondari. Sio daktari. Ila mdogo wangu ni nesi, na ndo amekuwa akininyoosha kila nikianza kubeba maneno ya mtaani, kwa hiyo humu kuna yaliyonipata mimi na kuna ya kwake, na pale panapohitaji daktari nitasema nenda kwa daktari.

Tuelewane kwanza tunaongelea kidonda gani. Ni yale malengelenge madogo yanayotoka ukingoni mwa mdomo, pale mdomo unapokutana na ngozi ya uso, yanatoka kwa kundi yamebanana kama punje za uwele, ndani yana maji. Baada ya siku mbili tatu yanapasuka, panakuwa kidonda chenye majimaji (hapa ndo kwenye maumivu na ndo kwenye aibu), kisha linaganda gamba la njano njano au kahawia ambalo ukicheka linapasuka na kutoa damu, alafu linadondoka lenyewe. Toka mwanzo mpaka mwisho ni wiki moja hadi siku kumi, ikichelewa sana wiki mbili. Unasahau. Baada ya miezi kadhaa kinarudi, na mara nyingi kinarudi palepale. Changu ni upande wa kushoto mdomo wa juu, sijui kuna nini pale lakini ndo kwao.

Huku kwetu kikikutoka utaambiwa homa imetokea mdomoni. Mwingine atasema malaria hiyo, nenda kameze dawa. Mwingine atakwambia buibui kakukojolea usiku. Buibui tumwache, hahusiki kabisa. Malaria nayo inahusika kwa mbali, kwa sababu homa yoyote kubwa, iwe malaria, iwe mafua makali, iwe nimonia, inaweza kukiamsha hiki kidonda kama tayari unacho kirusi chake mwilini. Lakini kidonda chenyewe hakithibitishi kwamba una malaria. Unaweza kukipata huna malaria hata chembe, kisa ulishinda juani tu. Kwa hiyo ile tabia ya kuona lengelenge mdomoni na kukimbilia kununua mseto bila kupima iacheni, pimeni kwanza, kipimo cha haraka cha malaria siku hizi kipo hadi zahanati ya kijijini, unatoa damu kwenye kidole na majibu unapata hapohapo.

Kinacholeta hiki kidonda ni kirusi kinaitwa hepesi simpleksi, na kipo cha aina mbili, namba moja na namba mbili. Cha mdomoni karibu wote ni namba moja, kwenye makaratasi ya hospitali utaona HSV-1. Namba mbili ndo yenye kawaida ya kukaa sehemu za siri. Sasa watu wakisikia neno hepesi tu basi wanafikiria zinaa, wanaanza kukuangalia kuanzia juu mpaka chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 wana hii namba moja, yaani 64 katika kila watu 100. Hesabu hiyo ipigie nyumbani kwako mezani uone. Wengi tumeipata tukiwa watoto, shangazi kaja kusalimia akakubusu mdomoni, bibi kaonja uji kwa kijiko kilekile akakulisha, watoto wenzio mmelambishana pipi. Na wengi walionacho hakijawahi kuwatoa hata kipele, wanaishi nacho wanazeeka nacho hawajui.

Nasema hivi kwa sababu kuna mteja wangu mmoja, binti mzuri tu, mchumba wake alitokewa na kidonda mdomoni akamnunia wiki nzima kwamba katoka nje. Nikamuuliza, utotoni hajawahi kutokewa? Akapiga simu kwa mama mkwe palepale kwenye meza ya nguo. Mama mkwe anacheka, anasema huyo tangu darasa la pili akipatwa na homa tu mdomo unamvimba. Kesi imeisha. Jamani msivunje nyumba kwa sababu ya lengelenge. Hata kipimo cha damu kinachoonyesha una hepesi namba moja hakikwambii umeipata lini wala kwa nani, kwa hiyo nacho hakifai kuwa ushahidi kwenye kikao cha wazee.

Upande wa pili pia niuseme wazi, nisije nikaonekana napaka asali. Hii namba moja inaweza kutoka mdomoni ikaenda sehemu za siri kupitia ngono ya mdomo, hilo ni kweli na linatokea. Ukiwa na kidonda, au hata ukiwa umeanza kuhisi muwasho tu, hiyo kitu weka pembeni mpaka papone kabisa. Na wakati mwingine kirusi kinatoka kwenye mate hata kama huna kidonda chochote, ni kidogo kuliko siku za kidonda lakini kinatoka, ndo maana watu wanaambukizana bila mtu kujua nani kampa nani.

Kwa nini hakiishi? Mdogo wangu alinieleza hivi. Kirusi kikishaingia kupitia ngozi ya mdomo kinapanda na mshipa wa fahamu wa uso mpaka kwenye kifundo chake kilichopo ndani ya fuvu, usawa wa mbele ya sikio, kinalala pale maisha yako yote. Kinga ya mwili haikifikii, dawa hazikifikii. Siku mwili ukiyumba kinaamka, kinashuka na mshipa uleule kurudi mdomoni, ndo maana kinatokea sehemu ileile kila mara. Kwa hiyo yule anayekutumia tangazo kwenye WhatsApp kwamba ana dawa ya asili inayofuta hepesi kabisa mwilini, tuma laki na kitu utaletewa na basi, huyo anatafuta hela ya kodi ya nyumba. Hakuna dawa ya kukitoa kabisa mpaka leo na hakuna chanjo iliyopitishwa. Kinachowezekana ni kukipunguzia siku, kupunguza mara kinazorudi na kutokumwambukiza mwenzio. Hayo yanatosha kabisa kuishi nacho vizuri.

Sasa tuje kwenye kinachokiamsha, na hapa watu wa Dodoma tunajikuta pabaya. Jua ndo namba moja. Miale ya jua ikipiga midomo inaamsha hiki kirusi, hilo linajulikana vizuri, na sisi tupo kwenye mita kama 1,100 kutoka usawa wa bahari, miezi mingi ya mwaka mvua hakuna wala wingu la maana hakuna, mtu unashinda nje kutwa. Ongezea upepo unaokausha midomo mpaka inachanika. Halafu sisi tuna ugonjwa wa kulamba midomo ikikauka, unalamba, mate yanakauka, yanaukausha zaidi, unalamba tena. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba nayo inachangia. Vingine vya kuamsha ni mafua, homa, uchovu wa kutolala, stresi (ada za shule mwezi wa kwanza, mi najijua), kung'oa jino au kutengenezwa meno, na kwa wanawake hedhi. Mimi hedhi ikigongana na siku za mnada, ambapo nasimama juani kuanzia asubuhi mpaka jioni, basi najua kabisa kinakuja, naandaa tyubu.

Ushauri wangu ni uandike. Kwenye kalenda ya simu, siku kikitokea weka alama, na andika jana yake na juzi yake ulikuwa wapi, ulilala saa ngapi, ulikuwa unaumwa au la. Kikishatoka mara kadhaa utaona chako kinapenda nini. Kuna dereva boda pale kijiweni tulimfuatilia hivyo hivyo, chake kilikuwa kinakuja kila akipata abiria wa mbali wa kwenda Kondoa au Mpwapwa na kurudi, saa nyingi za jua na upepo usoni. Akaanza kuvaa helmeti yenye kioo na kukishusha kweli, maana wengi kile kioo wanakipandisha juu kama urembo. Anasema kimepungua sana.

Kwa jua tumia mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, angalia kwenye kifungashio pameandikwa SPF 30 au zaidi. Vaselini ya kawaida inasaidia midomo isichanike, mi naipenda na naipaka usiku, lakini haizuii jua, hapo wengi wanajidanganya. Hayo ya kinga ya jua ukipaka asubuhi ukaenda zako umeyala yote na chapati, kwa hiyo rudia kila baada ya masaa mawili hivi na kila ukimaliza kula au kunywa. Na kofia, kofia yenye ukingo mpana, ile ya kepu inafunika paji la uso tu mdomo unabaki nje. Wamama wa kilimo cha zabibu kule Hombolo wanajifunga khanga mpaka puani wakiwa shambani, hao ndo wenye akili.

Haya, sasa ile saa yenyewe. Kabla hakijatoka chochote, kuna kipindi cha masaa machache mpaka siku moja hivi unahisi kitu. Pale mahali panawasha, panachoma choma, ngozi inakaza, ukigusa na ulimi pana joto na pamevimba kidogo sana ambapo kwenye kioo hakuna cha kuona. Mimi huwa kinanianza jioni nikiwa nafunga marobota. Hiki kipindi ndo cha dhahabu. Kirusi hapo ndo kinazaliana kwa kasi, na dawa inafanya kazi kwa kukizuia kisizaliane, sasa ukisubiri mpaka malengelenge yajae ndo utoke kwenda famasi, kazi imeshafanyika, dawa inakuta wameshazaana, unapaka ili mradi. Watu wengi wanaosema ile krimu haifanyi kazi, ukiwauliza walianza lini wanasema siku ya tatu.

Krimu yenyewe ni acyclovir ya asilimia 5. Tyubu ndogo, ukubwa wa kidole cha mwisho, bei yake haitishi. Unaosha mikono, unaweka kidogo kwenye kijiti cha pamba (kile cha masikioni), unagusisha pale mahali na kuzunguka kidogo, usisugue, kijiti unatupa, unaosha mikono tena. Mara tano kwa siku, kila baada ya masaa manne ukiwa macho, usiku lala. Siku nne mpaka tano. Usiache siku ya pili eti naona nafuu. Na niwe mkweli, ukiiwahi krimu inakupunguzia kama siku moja hivi ya kuumwa, pengine hata pungufu, usitegemee muujiza wa kuamka asubuhi hakuna kitu, japo kuna mara ambazo mi nimeihisi ikaanza kuwasha, nikapaka, ikaishia hapohapo haikutoa lengelenge. Bahati au dawa, mi nimeipokea.

Vidonge vina nguvu kuliko krimu. Kuna vidonge vya acyclovir, na kuna valacyclovir ambayo kwa kidonda cha mdomo dozi yake inaweza kuwa ya siku moja tu ikianzwa mapema. Hivi vinataka cheti cha daktari, na ni vizuri upitie kwake, hasa kama una shida ya figo maana dozi inabadilika, au ni mjamzito, au unatumia dawa nyingine. Ukimeza kunywa maji ya kutosha. Na kama kinakurudia sana, mara sita au zaidi kwa mwaka, au kinatoka kikubwa cha kukulaza, mwambie daktari, upo utaratibu wa kumeza kidonge kila siku kwa miezi kadhaa ili kitulie, wengi hawajui kama hicho kitu kipo. Vilevile kama unajua unaenda kung'oa jino na kila ukifanya hivyo kinatoka, uliza kabla ya kwenda.

(Hii acyclovir ina akili sana, ikiingia kwenye seli nzima inakaa kimya, ikikuta seli yenye kirusi ndo kimeng'enya cha kirusi chenyewe kinaiwasha, yaani kirusi kinajiloga. Mwanamke mmoja wa Marekani, Gertrude Elion, ndo alikuwa kwenye timu iliyoitoa, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kazi zake za dawa pamoja na wenzake wawili.)

Kwenye maduka ya dawa kuwa makini. Duka moja la dawa, sitalitaja, nilienda nikaeleza vizuri tu kwamba nataka acyclovir, yule kijana akasema imeisha dada, chukua hii ni ileile. Kusoma naona ni krimu ya mchanganyiko, ina dawa ya fangasi, ina antibiotiki, na ina steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho). Antibiotiki inaua bakteria, kirusi haikigusi. Fangasi sio fangasi hii. Na steroidi peke yake ukiipaka kwenye kidonda cha hepesi inapunguza kinga ya ngozi pale, kirusi kinatanuka vizuri. Nikamrudishia. Nikamwambia yule kijana, mimi sitaki chenji ya dawa, kama huna sema huna. Vilevile mtu asikupe amoksilini kwa kidonda hiki, labda kiwe kimeingia bakteria, kina usaha, wekundu unasambaa na joto, na hapo ni daktari aseme.

Ya nyumbani yanayosaidia ni machache. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, weka dakika tano mpaka kumi, inapunguza maumivu na uvimbe, usiweke barafu tupu kwenye ngozi. Paracetamol kama kinauma. Gamba likishatoka paka vaselini kidogo lisikauke na kupasuka, na ACHA kulibandua, najua linakera, najua ulimi unalitafuta, liache. Ubuyu wa pilipili siku hizo usahau, ndimu usahau, chachandu ndo kabisa. Ugali na mlenda unashuka wenyewe, uji wa ulezi uliopoa, maziwa ya mgando, hapo unakula na heshima yako inabaki.

Na vya kutopaka: dawa ya meno, majivu, spiriti, kitunguu saumu kilichotwangwa, maji ya betri (ndio, nimeona mtu). Vinaunguza ngozi, unapata kidonda juu ya kidonda, mwisho wa siku hepesi inapona kwa siku kumi kama kawaida yake na unabaki na doa jeusi la miezi. Watu wanasema mbona mimi nilipaka dawa ya meno kikapona. Kingepona tu.

Kuambukiza sasa. Siku za hatari ni kuanzia muwasho mpaka gamba limedondoka na ngozi imefunga. Yale maji ya ndani ya lengelenge yamejaa kirusi. Hizo siku hakuna busu, hakuna kuonjana, soda kila mtu na yake, lipstiki usiazimishe wala usipake ya kwako maana utakuwa unaitia kirusi, taulo la uso kila mtu lake. Wazee wa klabuni wenye kuzungushiana kopo la wanzuki, mniwie radhi, kila mtu aje na kikombe chake. Kwenye vitu kirusi hakidumu sana, njia kubwa ni ngozi kwa ngozi na mate ya moto moto, kwa hiyo hakuna haja ya kumtenga mtu sahani wala choo, usimfanye mwenzio ajione ana ukoma.

Ukigusa kidonda usiguse jicho. Hili nalirudia kwa herufi kubwa, USIGUSE JICHO. Hepesi ya jicho inaweza kuacha kovu kwenye kioo cha jicho na kupunguza uwezo wa kuona. Jicho likiwa jekundu, linauma, linaogopa mwanga, linaona ukungu, na mdomoni una kidonda au ulikuwa nacho juzi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiweke matone ya kuokoteza maana mengine yana steroidi.

Sehemu ambayo mi sina utani nayo kabisa ni mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa juzi, wiki zake nne za kwanza, kinga yake ni ndogo mno, hiki kirusi ambacho kwako ni kero ya wiki moja kwake kinaweza kuingia kwenye ubongo na ini na kumuua. Na sisi mila zetu mtoto akizaliwa tunajaa chumbani, kila mtu ambebe, kila mtu ambusu, kwa sifa. Dada yangu alipojifungua mimi nilikuwa na gamba mdomoni. Nilipika uji, nikafua nepi, nikasimama mlangoni nikamuona mtoto kwa mbali, wifi mmoja akaona najidai. Sikujali. Wewe mzazi una haki ya kusema shangazi karibu sana, ila mtoto tusimbusu, na ukimuona mgeni ana kidonda usimpe mtoto, tafuta sababu ya kumnyima, sema analala, sema ananyonya. Kama mama mwenyewe ndo ana kidonda cha mdomo, anaendelea kunyonyesha vizuri tu, maziwa hayana shida, avae barakoa, aoshe mikono kila kabla ya kumshika, asimbusu mpaka apone. Kidonda kikiwa kwenye ziwa lenyewe ndo hilo ziwa lisimamishwe mpaka amuone daktari. Na mchanga akiwa na homa au mwili wa baridi, hataki kunyonya, amelegea, analia tofauti, au ana malengelenge popote, hiyo ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku.

Watoto wakubwa kidogo, kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano hivi, wanaweza kukipata kwa mara ya kwanza kwa kishindo. Homa, fizi zimevimba nyekundu zinatoa damu, vidonda vidogo vidogo mdomo mzima mpaka kwenye ulimi, mate yanatiririka, hataki kula. Nyumbani watasema anaota meno. Shida kubwa hapo ni kukaukiwa maji, mpe maziwa baridi, maji, juisi isiyo na ukali, kidogo kidogo mara nyingi, kwa kijiko ikibidi. Mpeleke akaonwe, mapema, maana na yeye dawa inafaa ikianza mapema, na akikaa muda mrefu bila kukojoa usingoje kesho.

Sio kila kidonda cha mdomo ni hiki, niseme haraka haraka. Kile cha duara cheupe kinachotoka ndani ya shavu au chini ya ulimi peke yake, hakina malengelenge, hicho ni kingine na hakiambukizi. Michaniko ya pembeni ya mdomo pande zote mbili mara nyingi ni fangasi au upungufu wa madini ya chuma na vitamini. Kidonda kimoja kigumu ambacho hakiumi, kapime kaswende. Na malengelenge ya upande mmoja wa uso yenye maumivu makali yanaweza kuwa mkanda wa jeshi, kirusi cha familia hiyohiyo ila ndugu mwingine, nenda haraka hasa kama yamekaribia jicho.

Daktari pia aone kama kidonda kimepita wiki mbili hakijafunga, kama kinasambaa, kama una pumu ya ngozi na malengelenge yameanza kutapakaa kwenye ile ngozi, au kama kinga yako iko chini, mfano uko kwenye tiba ya saratani au unatumia steroidi muda mrefu. Kidonda cha hepesi kinachokaa zaidi ya mwezi mzima bila kupona ni sababu tosha ya kupima VVU, na kama unajua hali yako ukapime wingi wa virusi. Ila msichanganye, hiki cha kawaida cha kuja na kuondoka ndani ya siku kumi hakina maana kwamba mtu ana VVU. Nimeshaulizwa hilo swali kwa sauti ya chini na mtu mzima ambaye alikuwa amebeba huo wasiwasi muda mrefu sana, akapima, hana.

Mwisho ni hili la tyubu. Nunua kabla hujaugua, ukae nayo, kwa sababu muwasho unaanza usiku famasi zimefungwa. Mimi ninayo moja kwenye pochi na nyingine nyumbani kabatini. Soma tarehe ya kuisha muda. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari wala kwenye kibanda cha bati, hapa kwetu kuanzia mwezi wa kumi bati linachemka, na hizi krimu nyingi zinataka zisizidi nyuzi 25 au 30, soma boksi. Ya kwangu ya pochi huwa inalala ndani ya robota katikati ya masweta, pale hapafiki joto.